Pua Chotara

Kwetu harufu husikiwa.
Ndivyo lugha inavyotaka: pua ni sikio jingine,
na sikio hilo la mama yangu, Subilaga,
limekufa kwa mazoea, mwaka wa kumi na tisa sasa
akiinamia vifaranga pale Uyole.

Huingia bandani saa kumi alfajiri na jiko la mkaa,
mlango anaufunga kwa kisigino.
Turubai limeteremshwa hadi chini,
maana Juni ya huku haimhurumii
yeyote mwenye manyoya machanga.
Mimi nasimama kizingitini, machozi yananitiririka.
"Unalia nini?"
"Amonia, mama."
"Hapa hakuna harufu," anasema,
na kuku wanafumba macho mmoja mmoja
kama waumini kwenye mahubiri marefu.

Basi nikaenda kumtafutia pua.

Nilianza na pumba. Gunia moja la Igurusi,
pumba zilezile anazowatandikia kuku,
zile tulizofundishwa kuzitenga na mchele
kisha kuzisahau.
Tukazichoma bila hewa, mimi na fundi Mwakipesile,
katika tanuri lililozimika kila umeme ulipoyumba;
tukasuuza, tukachuja, tukakausha.
Mara kumi na moja tulipata masizi.
Mara ya kumi na mbili tulipata masizi pia,
ila haya yalipitisha umeme.

Grafini: kaboni iliyolala kifudifudi,
tabaka la chembe moja,
hata neno "wembamba" ni nene mno kuieleza.
Lakini peke yake ni mmbeya, husikia kila kitu:
unyevu, spiriti, pumzi yangu nikiisogelea.
Tukaioza kwa oksidi ya bati,
punje ndogondogo zilizotapakaa juu yake
kama ulezi uliomwagika mkekani.
"Ni chotara," nilimwambia mama kwenye simu. "Kama kuku wako."
"Anataga?"

Hataga, mama. Anapokea wageni.
Amonia huja na jozi moja ya elektroni asiyoitumia,
huiacha juu ya kaboni kama mtu atuaye mzigo,
na zile nafasi tupu zilizobeba mkondo
zinajazwa, zinakwisha.
Umeme unasuasua. Ukinzani unapanda.
Huo mpando ndio harufu.
Sisi tuliuandika kwa tarakimu.

Usiku wa kwanza bandani kifaa kilidanganya.
Ukungu ulishuka kutoka mlimani, ukapenya kwenye mabanzi,
nacho kikalia kwa sababu ya maji matupu.
Mama alicheka hadi akashika ukuta.
Nikarudi mjini na aibu yangu kwenye boksi la viatu,
nikarudi tena Agosti na kipasha joto kidogo chini ya bamba
na hesabu ya kuutoa unyevu.

Usiku ule kilisoma kumi na nane.
Kisha ishirini na sita. Thelathini na tisa.
Mama alinusa. Akanusa tena, kwa bidii, shingo imenyooka.
"Sisikii kitu," alisema, na safari hii hakucheka.
Akamwokota kifaranga mmoja, akamfungua kope kwa kidole gumba:
jicho lilikuwa jekundu.

Alilipandisha turubai shubiri moja.
Baridi ikaingia kama mdai.
Akasogeza jiko karibu na vifaranga, akageuza ndoo, akaikalia,
tukatazama tarakimu zikishuka kivivu.
Nikamweleza: hakisahau upesi.
Wageni wameng'ang'ania, lazima kipashwe joto
na kipewe hewa safi, dakika arobaini,
ndipo kisikie upya.

Alikaa kimya. Mkaa ulilia, ukatulia.
"Na mimi," aliuliza, "nikikaa nje dakika arobaini?"

Daftari langu lina majedwali sitini na mawili.
Nililifunua, sijui kwa nini,
gizani, mbele yake.
Yeye alikwisha kutoka,
ndoo mkononi, uso ameuelekeza kwenye ukungu,
akivuta pumzi, akihesabu.